Istilahi za Matetemeko, Mabamba na Volkano: Uhakiki kwa Kuitazama Rungwe

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima baadhi ya maneno ambayo Kiswahili kinayatumia kuelezea matetemeko ya ardhi, volkano na mwendo wa mabamba ya dunia. Hatukusudii kutunga orodha mpya ya istilahi na kuwatwisha wasomaji wetu. Orodha tunazo, na baadhi yake zimefanywa kwa uangalifu mkubwa. Tunakusudia kuuliza swali moja juu ya kila neno: je, neno hili linamweleza anayelisikia jambo lilivyo, au linampoteza njia?

Yapo maneno ya kitaalamu ambayo yakikosewa hasara huishia darasani. Mwanafunzi hupoteza alama, mwalimu hurudia somo, na mambo huendelea. Maneno tunayoyashughulikia hapa si ya namna hiyo. Haya ndiyo maneno ambayo ofisa wa wilaya atayatumia siku atakapolazimika kuwaambia wananchi wahame au wasihame, warudi majumbani au walale nje. Siku hiyo hapatakuwa na nafasi ya kufungua kamusi. Neno litafanya kazi kwa maana ile ambayo watu walikwisha kuizoea, si kwa maana iliyoandikwa katika jedwali la istilahi. Kwa sababu hiyo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ambao ndio wasomaji wa kurasa hizi, wana wajibu wa kuyatazama mapema.

1. Mahali pa Kupimia

Istilahi haiwezi kupimwa hewani. Sharti ipimwe mahali ambapo jambo lenyewe lipo. Tumechagua Suma, kata mojawapo ya Wilaya ya Rungwe, katika nchi ya Tukuyu. Mkulima wa huko hupanda migomba na chai katika udongo ambao rutuba yake imetokana na majivu na mawe ya volkano. Akitazama kaskazini anauona Mlima Rungwe, wenye kimo cha mita zipatazo 2,960. Upande wa kusini-mashariki wa Rungwe upo Mlima Kyejo, na upande wa kaskazini-magharibi lipo Ziwa Ngozi, lililokaa ndani ya shimo kubwa la volkano. Katika Mto Kiwira lipo Daraja la Mungu, ambalo ni mwamba uliotokana na lava na kuachwa ukining'inia baada ya maji kuula chini yake.

Nchi hii imekaa penye makutano. Bonde la Rukwa linashuka kutoka kaskazini-magharibi, bonde la Ziwa Nyasa linakwenda kusini, na bonde la Usangu linapanda kuelekea kaskazini-mashariki. Matawi hayo matatu ya Bonde la Ufa yanakutana hapa, na volkano za Rungwe zimeota penye fundo hilo. Kwa hiyo mambo yote matatu ya mada yetu, yaani tetemeko, volkano na mwendo wa mabamba, yapo Rungwe kwa pamoja. Mtoto wa Suma hana haja ya kwenda kuyatafuta Japani. Neno lisilomfaa mtoto huyu kuyaelezea mambo yaliyo chini ya miguu yake ni vigumu kumfaa mwingine yeyote.

2. Tetemeko

Tuanze na neno lililo imara. Katika tafsiri za zamani za Biblia na katika maandishi mengi ya karne iliyopita, jambo hili liliitwa tetemeko la nchi. Wakati huo neno nchi lilimaanisha zaidi ardhi tunayoikanyaga. Baadaye, hasa baada ya uhuru wa mataifa yetu, nchi ilielemea upande wa dola na mipaka yake, na tetemeko la ardhi likachukua nafasi. Mabadiliko haya yalikuja yenyewe, bila amri ya mtu, na yalikuwa ya haki. Watu wa pwani wanalo pia neno zilizala, lenye asili ya Kiarabu. Neno hili lina fahari yake katika utenzi na mawaidha, nasi hatuoni sababu ya kulifukuza. Lakini kwa matumizi ya shule na ofisi, tetemeko linatosha. Lina faida moja kubwa, nayo ni kwamba limetokana na kitenzi ambacho kila mtu anakijua.

Udhaifu unaanza tunapotaka kusema tetemeko lilikuwa kubwa kiasi gani. Tarehe 10 Septemba 1916 isingekuwa na gazeti la kutangaza, lakini tarehe 10 Septemba 2016, Mkoa wa Kagera ulipotikiswa na watu wasiopungua 17 wakafariki, habari zilienea kwa muda mfupi. Taarifa moja ilisema ukubwa, ya pili nguvu, ya tatu ukali, ya nne kiwango, na zote zilikusudia tarakimu ile ile ya 5.9 au iliyo karibu nayo. Hapa pana kasoro ya msingi, kwa maana wataalamu wanapima vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kipimo cha tetemeko lenyewe pale lilipozaliwa. Hicho ni kimoja tu kwa kila tetemeko, awe anayekisoma yupo Bukoba au Dar es Salaam. Cha pili ni jinsi tetemeko lilivyohisiwa na kudhuru mahali fulani. Hicho hutofautiana kutoka kijiji hadi kijiji, kwa kutegemea umbali, aina ya udongo na namna nyumba zilivyojengwa.

Tunapendekeza ukubwa ubaki kuwa jina la kile cha kwanza, na ukali liwe jina la cha pili, wala yasibadilishane. Aidha, mwalimu aeleze kwamba namba za ukubwa hazipandi kama namba za mizani ya sokoni. Tetemeko la ukubwa wa 6 hutoa nishati mara 32 hivi kuliko la ukubwa wa 5. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, ambalo hukadiriwa kuwa na ukubwa wa 7.4, halikulizidi lile la Kagera kwa "moja na nusu" tu, kama mtu asiyefunzwa anavyoweza kudhani. Lililizidi kwa zaidi ya mara mia moja na hamsini.

Kasoro ya pili ni ya maneno kitovu na kiini. Waandishi wengi huyatumia kana kwamba ni mapacha. Lakini zipo sehemu mbili zinazohitaji kutajwa: pale chini, ndani ya miamba, ambapo mtikisiko ulianzia, na pale juu ya uso wa ardhi, mkabala na hapo. Kitovu kinafaa kwa pa juu, maana kitovu cha mtu huonekana mwilini. Kiini hakifai kwa pa chini, kwa sababu tayari tumekitumia kutaja sehemu ya katikati kabisa ya dunia, na mwanafunzi atakayesoma kuwa "kiini cha tetemeko kilikuwa kilomita kumi" atachanganyikiwa. Twaona chimbuko la tetemeko ni neno bora zaidi, kwani chimbuko ni mahali kitu kinapotokea kikiwa bado chini.

Kasoro ya tatu ni kubwa kuliko hizo mbili. Baada ya tetemeko kubwa huja mengine, na waandishi wetu wamezoea kuyaita matetemeko madogo ya baadaye. Usemi huu unabeba ahadi ndani yake, kwamba lililo kubwa limekwisha kupita. Mara nyingi ahadi hiyo hutimia. Lakini wasomaji wa Kyela na Rungwe watakumbuka yaliyotukia Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, mnamo Desemba 2009. Tarehe 6 ya mwezi huo lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.8, siku mbili baadaye likafuata la 5.9, kisha, karibu wiki mbili baada ya lile la kwanza, likaja la 6.0, lililokuwa kubwa kuliko yote. Mtu aliyeambiwa tarehe 8 kwamba sasa yamebaki "madogo ya baadaye" angekuwa amepewa neno lililomtoa nje ya tahadhari. Kwa hiyo tunapendekeza majina mawili. Matetemeko fuasi yawe yale yanayofuata tetemeko kuu, bila kutaja udogo wake. Na mfululizo wa matetemeko uwe jina la hali kama ile ya Karonga, ambapo hakuna anayeweza kusema lipi ni kuu mpaka mambo yatulie.

3. Ufa

Neno ufa limetwishwa mizigo mitatu. Kwanza ni ufa wa kawaida, ule wa ukuta wa nyumba au wa chungu. Pili ni ufa wa wanajiolojia, yaani pale miamba ilipokatika na pande zake mbili zikahama, moja ikipanda, kushuka au kuteleza kando ya nyingine. Tatu ni Bonde la Ufa lenyewe, lenye upana wa makumi ya kilomita na urefu wa maelfu, ambalo limepata jina lake kwa kufuata jina alilolieneza mwanajiolojia J. W. Gregory katika kitabu chake cha mwaka 1896.

Maana ya kwanza ndiyo yenye mizizi. Methali yetu inasema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake ufa ni kitu kidogo, cha hivi karibuni, na mwenye bidii huweza kukiziba. Hakuna hata sifa moja kati ya hizo inayolingana na Bonde la Ufa, ambalo limekuwa likifanyika kwa mamilioni ya miaka.

Madhara ya mchanganyiko huu yalionekana waziwazi mwezi Machi 2018. Mvua kubwa zilinyesha katika eneo la Suswa, nchini Kenya, na ardhi ikafunguka na kuikata barabara ya kutoka Mai Mahiu kwenda Narok. Picha zilizunguka duniani kote zikiambatana na maelezo kwamba Afrika ilikuwa inapasuka mbele ya macho ya watu. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba lile lilikuwa korongo, lililofanywa na maji yaliyochimba udongo mlaini wa majivu ya volkano. Lakini walikuwa wamechelewa, kwani kila aliyelitazama aliona ufa, na kila aliyejua kwamba yupo katika Bonde la Ufa aliunganisha maneno hayo mawili. Hatusemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyozua taharuki ile. Magazeti ya lugha nyingine yalifanya vivyo hivyo. Tunasema kwamba Kiswahili hakikuwa na neno la pili la kumsaidia mwandishi makini aliyetaka kutenganisha.

Jina la Bonde la Ufa haliwezi kubadilishwa, wala halina haja ya kubadilishwa. Limeingia katika ramani, katika vitabu vya shule, na nchini Kenya lilikuwa jina la mkoa mzima mpaka mfumo wa mikoa ulipoondolewa mwaka 2013. Kinachohitaji jina lake ni maana ya pili. Wapo wanaotumia mwatuko, kutokana na kuatuka. Neno hilo ni la Kiswahili safi, lakini linasema kufunguka tu, halisemi kuhama. Sisi tunapendekeza mteguko wa miamba. Kila aliyepata kuteguka kifundo cha mguu anajua kilichotokea: viungo vilivyokuwa vimeelekeana havikuelekeana tena. Hivyo ndivyo ilivyo kwa miamba. Mawe ambayo zamani yalikuwa safu moja sasa yako juu upande huu na chini upande ule. Milima ya Livingstone, inayosimama kama ukuta juu ya ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa, imesimamishwa na mteguko wa namna hiyo. Aidha, kuteguka hutokea kwa ghafula baada ya kulemewa, na tetemeko ndivyo linavyotokea: miamba hulemewa kwa miaka mingi bila kuonyesha dalili, kisha huteguka kwa sekunde chache.

Atatokea wa kutupinga akisema kwamba mguu ulioteguka hurudishwa mahali pake, ilhali miamba hairudi. Ni kweli. Lakini hakuna sitiari inayofanana na kitu chake pande zote. Linalotakiwa ni kwamba ifanane upande unaofundishwa.

4. Ukoko, Ganda na Bamba

Tabaka la juu la dunia, lililo gumu, limepewa majina matatu yanayoshindana: ukoko, gamba na ganda. Ukoko lina ladha ya jikoni na hupendwa na walimu. Hata hivyo, ukoko wa wali hukaa chini ya chungu, penye moto, na wali laini upo juu. Katika dunia mambo yamepinduka: kigumu kipo juu na kilicho moto kipo chini. Mtoto anayejifunza kwa mfano huu anajifunza dunia kichwa chini. Gamba, kwa upande wake, ni kimoja kati ya vingi, kama magamba ya samaki, na hivyo linakaribia zaidi wazo la bamba kuliko wazo la tabaka zima. Ganda la yai ni jembamba, ni gumu, na limezunguka pande zote. Hilo ndilo tunaloliunga mkono.

Hapo ndipo bamba linapoingia. Nadharia ya mabamba ilikubaliwa na wanasayansi wengi katika miaka ya 1960, ikaendeleza wazo la kuhama kwa mabara ambalo Alfred Wegener alilitoa mwaka 1912. Uchaguzi wa neno bamba ulikuwa mwema. Bamba la chuma au la bati ni pana, ni gumu, na husogea lote kwa pamoja ukilisukuma upande mmoja. Afadhali mara mia kuliko sahani, ambayo fikra za msomaji zingeipeleka mezani.

Lakini tunao mzozo na baadhi ya maneno yanayofuatana nalo. Waandishi kadhaa wa siku hizi wameunganisha ganda na dunia wakapata gandunia, wakasema mabamba ya gandunia. Uundaji wake haukosi ustadi. Kosa lake ni la kisayansi. Bamba si kipande cha ganda tu. Bamba ni ganda pamoja na sehemu ya juu, iliyo ngumu, ya tabaka la pili lililo chini ya ganda. Ganda la mabara kwa kawaida lina unene wa kilomita kama 30 hadi 50, ilhali bamba huweza kufika kilomita 100 na kuzidi. Anayesema mabamba ya ganda anamfundisha msomaji wake unene usio sahihi, na tena anamwachia imani kwamba chini ya ganda tu kuna bahari ya moto. Itoshe kusema mabamba ya dunia, na tabaka lenyewe liitwe litosfia, kwa tahajia yetu.

Lipo pia zoea la kusema kwamba mabara yanatembea. Kwa mazungumzo ni sawa, lakini kwa somo halitoshi. Bamba la Nubia, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, na Bamba la Somali, lililobeba upande wa mashariki, yote mawili yana sakafu ya bahari pamoja na nchi kavu. Mwendo wa kutengana kwake ni milimita chache tu kwa mwaka, ambao ni pungufu ya mwendo wa ukucha kukua. Kitenzi kinachofaa ni kutengana. Kupasuka na kumeguka ni vitenzi vya ghafula, na vikitumika pasipo uangalifu huzaa habari za aina ya Suswa. Kwa mipaka ya aina nyingine tunavyo vitenzi vizuri, kukutana na kupishana, navyo havina haja ya kukopwa popote.

5. Volkano

Neno volkano, ambalo wengine huliandika volkeno, limekwisha kukubalika. Shida ni kwamba limefungwa pamoja na mlima mpaka watu wengi hawawezi kuyatenganisha. Volkano ni njia ambayo miamba iliyoyeyuka hutokea; mlima ni lundo linalobaki. Mnamo Januari 2002 lava iliyoingia mji wa Goma haikumwagika kutoka kileleni mwa Nyiragongo. Ilitoka katika nyufa zilizofunguka ubavuni, upande wa mji. Kyejo nayo ina historia ya namna hiyo. Mlipuko wake wa mwisho, uliotokea yapata mwaka 1800 na kuhifadhiwa katika masimulizi ya wenyeji, ulitoa lava mahali paitwapo Sarabwe, ubavuni mwa mlima. Anayefundishwa akichunge kilele peke yake amefundishwa nusu ya somo.

Linalotusumbua zaidi ni majina matatu ya shule: volkano hai, volkano iliyolala na volkano mfu. Watoto wamekariri majina haya kwa miaka mingi, na mitihani imeyauliza. Tatizo ni mfu. Neno hili halina mlango wa kurudi. Kitu kilichokufa kimekufa, na hakuna mwenye akili anayemwogopa. Je, Rungwe ni mfu? Watafiti wamethibitisha kwamba miaka ipatayo 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu kubwa na kumwaga mawe mepesi juu ya nchi pana, na Ngozi imelipuka katika muda usiozidi miaka elfu moja. Kwa umri wa mwanadamu hizo ni enzi na enzi. Kwa umri wa volkano ni usingizi wa mchana.

Iliyolala nayo ina hatari kwa upande wa pili. Watu wetu husema aliyelala usimwamshe, kana kwamba kuamka kwake kunategemea matendo yetu. Kutoka hapo ni hatua moja tu kufikia kusema kwamba mlima ukilipuka lazima kuna aliyeukosea. Hatudharau imani za wenyeji juu ya milima yao. Wamasai wameuita mlima wao Oldoinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu, na jina hilo limeheshimiwa na ulimwengu mzima. Tunasema tu kwamba istilahi ya kijiografia isiwe ndiyo inayopanda dhana ya lawama.

Pendekezo letu ni hili. Volkano yoyote iliyolipuka katika miaka elfu kumi iliyopita iitwe hai, kama wataalamu wengi wanavyoihesabu. Volkano hai ziwe za namna mbili: inayolipuka, kama Oldoinyo Lengai ilivyokuwa mwaka 2007 na 2008, na iliyotulia, kama Kyejo ilivyo. Jina la mfu libakizwe kwa zile tu ambazo pana ushahidi wa kutosha kwamba njia yake imeziba kabisa. Na popote inapowezekana, mwandishi ataje mwaka wa mlipuko wa mwisho. Mwaka hauna sitiari ndani yake.

Kuhusu mashimo ya volkano, tunalo neno kasoko, ambalo baadhi ya vitabu vimelitumia kwa Ngorongoro. Neno hili tunalipenda, lakini limefanywa kapu la kila kitu. Ngorongoro na Ngozi zilifanyika pale mlima ulipobomokea ndani baada ya kutoa yaliyokuwa tumboni mwake. Ziwa Masoko, lililo kusini mwa Tukuyu, limekaa katika shimo lililochimbwa na mlipuko wa mvuke, pale miamba ya moto ilipokutana na maji. Kasoko za kileleni ni aina nyingine tena. Tunashauri kaldera itumike kwa shimo la kubomoka, kasoko ya mlipuko kwa shimo la aina ya Masoko, na kasoko pekee kwa tundu la kileleni.

Katika kamusi limo pia zaha, lenye maana ya lava. Tumelitafuta vinywani mwa watu na hatukulipata. Tulilolipata ni lava na uji wa moto. Hatuoni faida ya kulishikilia neno ambalo mwalimu analazimika kulifafanua kwa neno jingine la kigeni. Iwe magma kwa miamba iliyoyeyuka ikiwa bado chini, na lava ikishatoka. Uji wa moto ubaki kuwa maelezo mazuri, kwa sharti kwamba mwalimu ataje kuwa si lava zote huwaka nyekundu kama moto: ya Oldoinyo Lengai ina joto la nyuzi mia tano na kitu hivi, hutiririka ikiwa nyeusi, na baadaye hugeuka kuwa nyeupe.

6. Mazuku: Neno Lililotoka Kwetu

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba maneno husafiri upande mmoja tu, kutoka kwa wageni kuja kwetu. Lipo moja lililokwenda kinyume. Katika Kiswahili cha Kivu, mashariki ya Kongo, watu huita mazuku zile sehemu za mabonde ambamo hewa ya ukaa hutoka ardhini na kutulia, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, na mara nyingi mtu hatambui kwamba ipo. Anayeinama au kulala humo huweza kufa, na wanyama hufa vilevile. Wanajiolojia waliofika Goma hawakuwa na neno fupi la jambo hili. Wakalichukua la wenyeji, na leo mazuku imo katika majarida ya kitaalamu ya Kiingereza na Kifaransa.

Neno hili halimo katika vitabu vingi vya jiografia vya Tanzania, na hilo ni pengo. Gesi ya aina ile ile hupanda kutoka chini sana katika eneo la Kyejo, na kwa miaka mingi imekuwa ikivunwa kwa matumizi ya viwanda. Ipo chini ya watu wa Rungwe kama ilivyo chini ya watu wa Goma. Ingekuwa ajabu kama mwanafunzi wa Rungwe angelikuta mazuku kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Kiingereza, akalidhani neno la kigeni. Kiswahili si cha pwani peke yake wala cha Tanzania peke yake, na wale waliokaa karibu zaidi na jambo mara nyingi wamekwisha kulipa jina kabla ya kamati yoyote kukutana.

Hitimisho

Tunaweza sasa kuyaweka mapendekezo yetu pamoja:

(a) ukubwa kwa kipimo cha tetemeko lenyewe; ukali kwa kipimo cha madhara yake mahali fulani;
(b) kitovu kwa pa juu; chimbuko kwa pa chini;
(c) matetemeko fuasi, na mfululizo wa matetemeko, badala ya matetemeko madogo ya baadaye;
(d) Bonde la Ufa libaki lilivyo; mteguko wa miamba kwa mkatiko uliohamisha pande zake;
(e) ganda badala ya ukoko na gamba; mabamba ya dunia badala ya mabamba ya gandunia; kutengana, kukutana na kupishana kwa mwendo wake;
(f) volkano hai, inayolipuka au iliyotulia; mfu kwa ushahidi tu;
(g) kasoko, kasoko ya mlipuko, na kaldera; magma na lava;
(h) mazuku iingizwe katika vitabu vya shule na kamusi.

Hatutarajii kwamba yote yatakubaliwa. Mteguko huenda ukakataliwa, na anayeukataa atakuwa na hoja zake. Tunamwomba atoe neno jingine linalosema kuhama, si kufunguka tu. Lakini pendekezo (c) na (f) tungependa yasingojee mjadala mrefu. Tangu mwaka 1967 elimu ya msingi nchini Tanzania imetolewa kwa Kiswahili, na wapo wananchi wengi ambao masomo yao ya jiografia yaliishia hapo. Hao hawatapata nafasi ya pili ya kusoma kwa lugha nyingine kwamba mlima walioambiwa umekufa haujafa. Wakaguzi wa vitabu, watunga mitihani na maofisa wanaoandaa matangazo ya maafa wanaweza kuanza na maneno hayo mawili mwaka huu, na walimu wa Rungwe, ambao wanaufundisha mlima huku wakiuona dirishani, wana haki ya kuwa wa kwanza kuulizwa.